Sauti Isiyo na Mdomo: Historia ya Sanaa ya Kuhamisha Sauti

Kuhamisha sauti ni sanaa ya kusema bila kutikisa midomo, hata msikilizaji akaamini kwamba maneno yametoka mahali pengine: chini ya sakafu, juu ya paa, ndani ya sanduku, au kinywani mwa kikaragosi. Kwa kweli sauti haihami. Inatoka katika koo la msemaji na kusafiri hewani kama sauti nyingine yoyote. Kinachohama ni imani ya msikilizaji, na ndiyo maana historia ya sanaa hii imefuata mambo ambayo watu wa kila zama walikuwa tayari kuyaamini.

Wagiriki wa kale waliwajua waaguzi waliosadikiwa kuwa na pepo tumboni. Pepo ndiye aliyesema, mwenye tumbo akiwa chombo tu. Aliyevuma kuliko wote ni Eurykles wa Athens, wa karne ya 5 KK. Aristophanes alimtaja katika tamthilia yake ya Nyigu, iliyochezwa mwaka 422 KK, Plato naye akamtaja, na zaidi ya miaka mia tano baadaye Plutarch aliandika kwamba waaguzi wa namna hiyo waliwahi kuitwa kwa jina lake. Maandishi ya tiba yanayohusishwa na Hippocrates yanaeleza habari za mgonjwa mmoja, mwanamke, ambaye pumzi zake kifuani zilisikika kama sauti ya waaguzi hao. Mstari huo mmoja una thamani kubwa. Tabibu hakuwa akibishana juu ya pepo. Alikuwa akieleza mlio aliousikia, na alitarajia msomaji wake awe amewahi kuusikia mlio wa aina hiyo.

Kisa kilichowaumiza vichwa wanazuoni kwa muda mrefu zaidi kimo katika Biblia. Katika sura ya 28 ya kitabu cha kwanza cha Samweli, mfalme Sauli, akiwahofia Wafilisti, anajigeuza na kumwendea usiku mwanamke wa Endori ili amwitie Samweli aliyekwisha kufa. Mwanamke anasema anamwona mzee akipanda kutoka ardhini, amevaa joho. Sauli ndiye aliyekuwa amemuuliza umbo lake likoje, maana yeye haoni kitu. Kisha anainama kifudifudi na kuisikia hukumu yake. Wayahudi walioyatafsiri maandiko hayo kwa Kigiriki walimwita mwanamke huyo kwa jina la waaguzi wa tumboni, na hapo ukazuka ubishi. Mwanateolojia wa Kikristo Origen, katika karne ya 3, alishikilia kwamba Samweli alipanda kweli. Eustathius wa Antiokia, katika karne ya 4, aliandika kitabu kizima kumpinga: mwanamke alikuwa na pepo mdanganyifu, na Sauli, ambaye akili zilikwisha kumruka, aliamini alichoambiwa. Mjuzi wa sanaa hii akisoma kisa hicho huona vitu viwili haraka sana: giza, na mtu anayetaka kwa udi na uvumba kuisikia sauti fulani. Penye hayo mawili, msemaji amebakiwa na kazi ndogo.

Katika Ulaya ya karne ya 16 sauti ya namna hii ilikuwa jambo la hatari. Elizabeth Barton, mtawa wa Kent nchini Uingereza, alitoa unabii dhidi ya ndoa mpya ya Mfalme Henry wa Nane, akanyongwa mwezi Aprili 1534. Askofu Mkuu Thomas Cranmer aliandika kwamba mwanamke huyo alipopagawa, sauti ilisikika ikisema tumboni mwake kana kwamba iko ndani ya pipa, na midomo yake haikutikisika sana. Miaka 40 baadaye, katika kijiji cha Westwell katika jimbo hilo hilo la Kent, mtumishi wa kike aitwaye Mildred, mwenye umri wa miaka 17, alianza kutoa sauti ya shetani. Makasisi walimhoji shetani huyo mbele ya mashahidi, naye akajibu kwa kirefu: ametumwa na bibi kizee mmoja wa kijijini, aliyemfuga ndani ya chupa kwa miaka mingi, na bibi huyo amekwisha kuua watu. Majibu yaliandikwa na kutiwa saini. Kwa sheria za wakati ule, karatasi hiyo ingetosha kumpeleka bibi kizee kitanzini. Kilichomwokoa ni waungwana wawili wenye madaraka ya kusikiliza kesi, ambao hawakuridhika. Walimwita msichana, wakambana kwa maswali, akakiri kwamba sauti ni yake, kisha akaonyesha mbele yao jinsi anavyoifanya. Reginald Scot aliisimulia kesi hiyo katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1584 cha kupinga imani ya uchawi, na aliisimulia kwa ghadhabu ya haki. Kwake yeye, kuijua hila hii kulikuwa kuokoa maisha ya wanawake wazee na maskini.

Uchunguzi wa kina ulisubiri karibu miaka 200. Jean-Baptiste de La Chapelle, padri na mwanahisabati wa Kifaransa aliyeandika makala katika ile Ensaiklopedia maarufu ya Paris, alisikia habari za mwenye duka la vyakula aitwaye Saint-Gille, mkazi wa Saint-Germain-en-Laye, nje kidogo ya Paris. Alimtembelea, wakakaa karibu na moto katika chumba cha chini. Baada ya mazungumzo ya kawaida, La Chapelle akasikia akiitwa kwa jina kutoka mbali, kama kutoka juu ya paa la nyumba nyingine. Alipoonyesha kule kulikotoka sauti, ikamjibu kwamba haiko huko. Mara hii ilitokea chini ya ardhi. Muda wote huo alikuwa akimkazia macho mwenyeji wake, na hakuona uso wake ukibadilika.

Saint-Gille alikuwa na visa vingi, na kimoja kinastahili kusimuliwa. Alipokuwa akijikinga na mvua katika nyumba ya watawa, aliwakuta wenyeji wake wakimwombolezea mwenzao aliyefariki karibuni. Walipokuwa kanisani karibu na kaburi lake, ghafla sauti ya marehemu ikasikika juu, ikilalamika kwamba anateseka toharani na wenzake hawamwombei ipasavyo. Watawa walianguka chini wakaimba zaburi ya toba. Saint-Gille alipowaeleza kwamba ni yeye, hawakumsadiki mpaka aliporudia sauti ile mbele yao.

La Chapelle alipeleka habari hizo katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, na wajumbe wake wakaenda kushuhudia. Jaribio lilifanyika msituni, katika karamu ya chakula iliyoandikwa majanini. Mwanamke mmoja wa tabaka la juu aliambiwa kwamba mahali pale pana pepo wa hewani. Akasikia sauti ikimsemesha kutoka mitini, akazungumza nayo kwa muda mrefu, na walipomfichulia siri ilimwia vigumu kuamini. Mwaka 1772 La Chapelle akachapisha kitabu chake. Hoja zake mbili bado zimesimama. Ya kwanza, hakuna kiungo cha ajabu mwilini: kazi hufanywa na misuli ya koo iliyozoezwa, na mtu mwenye bidii anaweza kujifunza. Ya pili, waaguzi wengi wa kale waliwashangaza watu kwa njia hii hii. Hapo padri huyu alizidisha kidogo, kwa kuwa kila muujiza wa zamani ulianza kumsikikia kama Saint-Gille. Hata hivyo hakuna kitabu kilichofanya zaidi kuiondoa sanaa hii mikononi mwa makasisi na mahakimu na kuitia mikononi mwa wachunguzi.

Katika kitabu hicho hicho anatajwa Baron de Mengen wa Vienna, aliyekuwa akibeba mwanasesere mfukoni. Mdomo wa mwanasesere ulichezeshwa kwa vidole, na Baron alizungumza naye, akabishana naye, kisha akamrudisha mfukoni akiwa bado ananung'unika. Siku moja ofisa wa Kiayalandi alimnyakua mwanasesere ili amchunguze. Mwanasesere akalia na kupapatika kama kiumbe hai, ofisa akamtupa chini kwa hofu. Baron alikuwa amegundua jambo ambalo wasanii wa jukwaani wangechukua zaidi ya karne moja kulikubali: sauti ikipewa mdomo wa kuonekana, masikio hayana ubishi tena.

Kwa muda mrefu wasanii walipendelea sauti za mbali kuliko wanasesere. Katika miaka ya 1790 Joseph Askins, mtu mwenye mguu wa mbao, aliwavutia wakazi wa London katika ukumbi wa Sadler's Wells kwa kuzungumza na mtoto asiyeonekana aliyemwita Tommy. Ng'ambo ya bahari, Richard Potter, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1783 na mama Mwafrika aliyeletwa Marekani kama mtumwa, alizunguka miji kwa miji akionyesha mazingaombwe na sauti za ndege na watu wasioonekana. Alipata mali, akanunua shamba huko Andover, New Hampshire, na kitongoji kilichoota pale kinaitwa Potter Place hadi leo. Katika nchi iliyowauza watu wa rangi yake sokoni, mamia ya watu walilipa kiingilio kumsikiliza.

Lakini katika zama hizo hapakuwa na maisha ya ajabu kuliko ya Alexandre Vattemare, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1796. Alianza masomo ya upasuaji na inasimuliwa kwamba alinyimwa shahada kwa sababu alizifanya maiti za chumba cha mafunzo zionekane zinasema. Baada ya hapo akawa Monsieur Alexandre, msanii aliyeweza kucheza tamthilia nzima peke yake, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, akibadili mavazi na sauti kwa haraka isiyoelezeka. Mwaka 1824 alimtembelea mwandishi Walter Scott nyumbani kwake Abbotsford. Scott, aliyekuwa pia sherifu wa wilaya, alimwandikia shairi la utani kwamba yeye peke yake ni umati mzima, na kwa mamlaka aliyonayo ingempasa autawanye.

Fedha za jukwaani zilimpa Vattemare nafasi ya kuitumikia shauku yake nyingine. Kila mji alioingia alitembelea maktaba, na kila maktaba alikuta vitabu vilivyorudufika vikiliwa na vumbi, wakati mji wa jirani hauna hata nakala moja. Akabuni mpango wa mataifa kubadilishana vitabu na nyaraka. Alikwenda Marekani mwaka 1839, na Bunge la huko likaupitisha mpango huo mwaka 1840. Huko Boston aliwahimiza wenyeji waanzishe maktaba ya watu wote, na alifanikisha zawadi za vitabu kutoka Paris kwenda mji huo. Maktaba ya umma ya Boston iliidhinishwa kisheria mwaka 1848, na miongoni mwa waliopigania kuzaliwa kwake yumo mtu huyu aliyechuma riziki kwa kusemesha kuta.

Wakati Ulaya ikiigeuza sanaa hii kuwa burudani, katika nchi nyingine sauti isiyo na mwenyewe ilibaki na uzito wa dini. Henry Callaway, mmisionari wa Kianglikana katika Natal, alikusanya maelezo ya Wazulu wenyewe na kuyachapisha kuanzia mwaka 1868. Wasimulizi wake walieleza waaguzi waliotembelewa na imilozi, mizimu inayosema kwa mbinja. Mwaguzi alikaa kimya, sauti nyembamba ikatoka juu penye nyasi za paa, ikawataja wageni na shida iliyowaleta, na mwaguzi mwenyewe akawa kama mkalimani. Callaway alihisi kwamba huku ni kuhamisha sauti, na waandishi wengi wa Ulaya waliomfuata walilimaliza jambo kwa neno hilo moja. Ni haraka mno. Waliokwenda kwa mwaguzi walikuwa na mgonjwa nyumbani au ng'ombe waliopotea, na sauti ile ilikuwa ya wazee wao. Namna ilivyotolewa ni sehemu ndogo ya maana iliyokuwa nayo kwao.

Sura ya sanaa hii tunayoijua leo ilitokea London mwaka 1896, Fred Russell alipopanda jukwaa la ukumbi wa Palace. Jina lake halisi lilikuwa Thomas Frederick Parnell, na kabla ya hapo alikuwa mhariri wa gazeti. Wasanii waliomtangulia walizoea kupanga jukwaani vikaragosi vingi, kila kimoja kikisema kidogo. Russell alikuja na kimoja tu, Coster Joe, kijana mchuuzi wa mitaani mwenye ulimi mkali, akampakata. Kuanzia hapo mchezo ukawa mabishano ya watu wawili: mkubwa mwenye adabu, na mdogo asemaye yale ambayo mkubwa hathubutu kuyasema. Mtindo huo ulienea kila mahali. India ilikuwa na Y. K. Padhye na kikaragosi chake Ardhavatrao, na mwanawe Ramdas akairithi kazi.

Kikaragosi chenyewe ni kazi ya fundi. Kichwa huchongwa kwa mti laini au hufinyangwa kwa karatasi na gundi, kisha huwekwa juu ya kijiti kinachoshuka ndani ya kiwiliwili kilicho wazi. Msanii huingiza mkono mgongoni, akakamata kijiti na kukizungusha ili shingo igeuke. Kidole gumba huvuta wenzo mdogo unaoshusha taya. Vidole vingine huzungusha macho au kuinua nyusi. Kichwa kinachogeuka kumtazama anayezungumza humshawishi mtazamaji kuliko taya lenyewe, kwa kuwa kinaonyesha kwamba kikaragosi anasikiliza.

Upande wa sauti, msanii huvuta pumzi nyingi na kuitoa kidogo kidogo, ulimi ukirudi nyuma na koo likibanwa, meno yakikaribiana na midomo ikiachwa wazi kidogo kama ya mtu atabasamuye. Irabu hazina shida. Mtihani uko kwenye sauti zinazohitaji midomo: b, p, m, f, v na w. Hizo hubadilishwa kwa zinazofanana nazo zinazotamkwa na ulimi: d badala ya b, t badala ya p, n badala ya m, na huwekewa uzito mdogo ili sikio lijaze pengo. Kiswahili ni uwanja mgumu kwa kazi hii, kwa maana viambishi vyake vimejaa midomo: m-, wa-, mi-, ma-, vi-, pa-, mu-. Sentensi kama “mbwa wa babu amebweka” haimpi fundi nafasi ya kupumua, na “baba” ikikosa midomo huwa “dada”. Msaada mmoja upo: th na dh, ambazo husimama badala ya f na v, ulimi wa Mswahili umezizoea tangu utotoni. Anayetaka sauti ya mbali hufifisha zaidi konsonanti na kuizima ile milio mikali ya juu, kwa sababu umbali nao hufanya hivyo hivyo.

Ajabu kubwa ya karne ya 20 ni kwamba sanaa hii ya macho ilipata utukufu wake katika redio. Edgar Bergen, mtoto wa wahamiaji wa Kiswidi aliyezaliwa Chicago mwaka 1903, alichongewa kikaragosi na fundi seremala aitwaye Theodore Mack, akakiita Charlie McCarthy. Tarehe 17 Desemba 1936 waliingia kwa mara ya kwanza katika kipindi kikubwa cha Rudy Vallée, na mwaka 1937 wakapewa kipindi chao. Waliendelea hewani hadi miaka ya 1950. Msikilizaji wa redio hakuweza kuona kama midomo ya Bergen inatikisika, na kwa kweli ilitikisika, tena Charlie alimcheka waziwazi kwa hilo. Hakuna aliyejali. Charlie alikuwa mtu kamili, mwenye kofia ndefu, lenzi ya jicho moja na majibu ya haraka, na sauti yake iliachana na ya Bergen kiasi kwamba masikio yalihesabu watu wawili. Tuzo ya heshima ya Oscar aliyopewa Bergen mwaka 1938 ilichongwa kwa mbao, na mdomo wake ulifunguka. Jioni ya tarehe 30 Oktoba mwaka huo, Orson Welles alipotangaza mchezo wake wa uvamizi wa viumbe kutoka sayari ya Mirihi, Wamarekani wengi walikuwa wakimsikiliza Charlie katika stesheni nyingine. Bergen alifariki mwaka 1978, na katika wosia wake alitenga dola 10,000 kwa ajili ya Charlie. Charlie mwenyewe amehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Uingereza ilikuwa na Peter Brough na Archie Andrews, ambao kipindi chao cha BBC kilianza mwaka 1950. Runinga ndiyo iliyomuumbua Brough, maana kamera ilisogea karibu, na midomo yake haikutulia. Waliostawi mbele ya kamera ni wengine. Señor Wences wa Uhispania alikunja ngumi, akaipaka rangi ya mdomo na kuivisha nywele, akapata mtoto aitwaye Johnny. Alifariki mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 103. Paul Winchell, Mmarekani, alisomesha maelfu ya watoto kwa vitabu na vipindi vyake, na mwaka 1963 akapewa hataza ya moyo wa bandia alioubuni.

Wakati huo sayansi ilikuwa imeanza kuuliza swali lile lile la La Chapelle kwa vipimo: msikilizaji hudanganywaje? Sikio hupata upande wa sauti kwa kulinganisha tofauti ndogo za muda na ukali kati ya sikio la kulia na la kushoto, na zile za muda hazifikii sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa umbali, masikio hukisia tu. Jicho lina uhakika zaidi, basi ubongo hulipa uzito mkubwa. Ndiyo sababu katika sinema maneno huonekana yanatoka kinywani mwa mwigizaji wakati spika ziko kando. Mwaka 2004 watafiti David Alais na David Burr walionyesha kwamba picha ikififishwa vya kutosha, mambo hugeuka na sikio ndilo linaloliongoza jicho. Ubongo hupima ushahidi uliopo na kuegemea ule ulio wazi zaidi.

Vikaragosi vya mabwana wa zamani vimekusanywa Fort Mitchell, Kentucky, katika jumba la makumbusho la Vent Haven, lililotokana na mkusanyo wa mfanyabiashara W. S. Berger na kufunguliwa mwaka 1973. Wasanii wa nchi mbalimbali hukutana hapo jirani kila mwaka. Sanaa haijafa: mwaka 2017 Darci Lynne, msichana wa miaka 12, alishinda shindano kubwa la vipaji la runinga ya Marekani.

Barani Afrika, anayeitumia kwa makali zaidi ni Conrad Koch wa Afrika Kusini, mzungu aliyesomea anthropolojia, ambaye kikaragosi chake Chester Missing huwahoji wanasiasa kama mwandishi wa habari na kuwauliza mambo ya rangi na ubaguzi bila kuzunguka. Mwaka 2014 mwimbaji Steve Hofmeyr aliandika mtandaoni kwamba watu weusi ndio waliobuni ubaguzi wa rangi. Chester alimjia juu hadharani, na kuwataka wafadhili wa mwimbaji huyo wajitenge naye. Hofmeyr alikwenda mahakamani na kupata amri ya muda ya kumzuia Koch pamoja na kikaragosi chake. Mwezi Novemba mwaka huo shauri lilisikilizwa Randburg, na hakimu akakataa kuifanya amri hiyo kuwa ya kudumu.